Bahari Sebuleni kwa Mjomba

4 Februari

Mpwa wangu, Profesa wa Samaki,

Marahaba kabla hujaniamkia, maana karatasi haina mdomo na mimi sina subira. Huku tu wazima. Mama yako mzima, goti lake linaendelea vizuri, na sauti yake haijawahi kuugua. Mimi ndiyo usiseme. Wiki iliyopita pale bwawani kijana mmoja wa mazoezi, kifua kama mlango, alitaka tushindane kukaa chini ya maji. Nikazama. Nilipotoka, kijana alikuwa keshaoga, keshavaa, keshaondoka, na walinzi wawili walikuwa wanagombania viatu vyangu.

Nakuandikia barua badala ya kupiga simu kwa sababu mbili. Hicho kituo chenu cha kufugia samaki kiko mahali ambapo simu ikilia watu wanakuja kushangaa. Halafu mama yako na mimi tunapakana ukuta, na ukuta wenyewe ni wa mbao. Nikisema "halo" huku, yeye anaitikia kule. Na jambo hili sitaki limfikie.

Jambo lenyewe si langu. Ni la rafiki yangu mmoja, mtu mzima wa rika langu, mgane kama mimi, mtanashati. Wasiotujua hutuchanganya. Huyu rafiki amempenda fundi cherehani mmoja anayeshona sare za shule. Watu wanamwita Mama Sare. Mjane, mchapakazi, mkono wake ukikata kitambaa huwezi kuona mahali mkasi ulipopita. Rafiki yangu akaposa. Mama Sare hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema, "Nyosha mguu nikupime."

Sasa mtu akipimwa suruali huku hana jibu, mdomo unamponyoka. Rafiki yangu akasema kwamba sebuleni kwake ana bahari. Tangi la kioo, maji ya chumvi, samaki wa kila rangi, na amelilea miaka na miaka. Mama Sare akatoa pini mdomoni, moja moja, akasema, "Umenisimulia papa uliyempiga kofi. Umenisimulia mvua uliyoifukuza. Katika hadithi zako zote nataka kuiona moja kwa macho yangu. Shule zikifungwa mwanzoni mwa Aprili kazi itapungua. Nitakuja na dada yangu tuione hiyo bahari, na nikishaiona nitakupa jibu lako."

Kwa hiyo rafiki yangu anataka bahari kabla ya shule kufungwa. Nimeshamwambia asihofu, maji ni maji. Mimi nimelea bwawa la kuogelea tangu wewe unatambaa, nazijua pampu kwa mlio, nayajua machujio kwa harufu. Tangi ni bwawa lililoketi tu. Lakini kwa kuwa serikali ilikusomesha, niambie: anunue tangi gani, na chujio gani, ili nione kama majibu yako yatafanana na yangu.

Mjomba wako,
Kapteni wa Bwawa


11 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Huyo rafiki yako, kama ndiye yule anayevaa kofia yako na kulala kitandani kwako, mpe shikamoo yake pia.

Nimecheka mpaka mwenzangu wa maabara akaja kuona kuna nini. Lakini nitajibu kwa dhati, kwa sababu jambo hili wengi huliharibu mwanzoni.

Mwambie asinunue tangi dogo. Kila anayeanza hulikimbilia dogo akidhani ni rahisi, kumbe maji machache huharibika haraka. Kikombe cha chai hupoa kabla ya sufuria. Achukue la lita mia mbili hivi, na liwe refu kwa ubavu, si kwa kimo, ili uso wa maji uwe mpana na hewa ipate pa kuingilia. Likijaa, litakuwa zito kuliko kabati la mama pamoja na mama juu yake (hili usimsomee). Lisiwekwe juu ya meza ya kahawa. Atafute stendi ya kweli, sakafu iliyonyooka, na mbali na dirisha la jua.

Chumvi si ya jikoni. Kuna chumvi ya matangi ya bahari, inachanganywa na maji yasiyo na dawa na kupimwa kwa kipima chumvi. Halafu jambo ambalo hata wasomi hulikosea: maji yakipungua kwa kukauka, chumvi haiendi popote, inabaki. Kwa hiyo anaongezea maji yasiyo na chumvi. Akiongezea ya chumvi kila mara, mwisho atakuwa anafuga samaki wa kukaushwa.

Sasa chujio. Hapa ndipo naomba rafiki yako akae chini asikilize. Chujio la bahari si chekecheke la kunasa taka peke yake. Ni nyumba. Samaki akijisaidia, chakula kikioza, hutoka sumu iitwayo amonia. Kuna vijidudu vinavyoila hiyo amonia na kutoa sumu ya pili, na kuna vingine vinavyoila hiyo ya pili na kuifanya kitu kisicho na madhara makubwa, ambacho tunakipunguza kwa kubadili maji kidogo kidogo. Vijidudu hivyo hukaa kwenye sponji la chujio na kwenye mawe ya bahari yenye vitundu vitundu. Kwa hiyo anunue chujio la kuning'iniza nyuma ya tangi, lenye sponji nene. Pampu ndogo ya kuzungusha maji. Mawe ya bahari ya kutosha. Na ile mashine ya povu, bomba linalopiga maji yakachemka vipovu mpaka uchafu ukapanda na kumwagikia kikombeni. Aliyeanza hahitaji zaidi ya hapo, hata muuzaji akiapa.

Halafu asubiri. Tangi litakaa wiki kadhaa bila samaki hata mmoja, akitupia punje chache za chakula ili vijidudu vipate riziki na kuongezeka. Kuna vichupa vya kupimia, unatia matone, maji yanabadilika rangi. Siku vipimo vitakapoonyesha sumu zote mbili zimekwisha, samaki wataingia. Kabla ya hapo, hapana. Kazi ngumu ya mwenye tangi ni kuliacha.

Mpwa wako


25 Februari

Mpwa wangu,

Majibu yako yamefanana na yangu karibu yote. Palipotofautiana nimekuachia, maana wewe bado ni kijana.

Tangi limeshakaa. Lita mia mbili kama ulivyosema, na stendi ya chuma niliyoichomelea mimi mwenyewe (kwa niaba ya rafiki). Tumelitoa dukani tukiwa wanaume wanne, lakini uzito wote ulikuwa upande wangu. Mkosi ni kwamba duka la samaki linatazamana na karakana ya Mama Sare. Nikafikiri kijeshi. Tulilifunika tangi kwa shuka, tukasubiri saa ya chakula cha mchana anapoingia ndani, tukapita kimya. Hakuona kitu. Kuhusu mngurumo wa pampu, mama yako ameshauliza kupitia ukutani. Nimemwambia ni redio inatafuta stesheni.

Sasa ngoja nikupe habari njema. Tulivyotia mawe na maji, siku za mwanzo yalipendeza, halafu yakaanza kuwa na ukungu. Mawe yakashika utelezi wa kahawia. Sponji likawa linanuka kama soksi za mlinzi. Rafiki yangu akashikwa na hofu, lakini mimi nikamwambia tulia, umefika kwa mwenyewe. Nikayatoa mawe yote nikayalaza kwenye klorini ya bwawani, ile ya kiwango cha mashindano, nikayasugua kwa brashi mpaka yakawa meupe kama meno ya mtangazaji. Sponji nikalifua kwa sabuni, nikalianika. Kioo nikakisugua ndani na nje. Maji nikayarushia kidonge kidogo, kwa kunusisha tu.

Ungeyaona! Mpwa wangu, yale si maji, ni hewa yenye unyevu. Mtu anaweza kutia mkono asijue kama umelowa. Kama lingekuwa bwawa, mkaguzi angenipigia saluti akaniachia kalamu yake.

Rafiki yangu anauliza: kwa usafi huu, samaki si waingie hata kesho?

Mjomba wako,
Kapteni


4 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako mkononi mpaka chai yangu ikapoa.

Ule utelezi wa kahawia. Ile harufu ya soksi. Ule ukungu. Ndio wenyewe hao, mjomba! Ndio vijidudu tuliokuwa tunawasubiri, wameingia nyumbani, wameanza kutandika vitanda. Na wewe umewafukuza kwa klorini, ukafua magodoro, halafu unauliza wageni waingie kesho wakahudumiwe na nani. Sikukuambia usitie klorini kwa sababu sikudhani kuna binadamu ambaye angeifikiria. Nilisahau kwamba katika ukoo wetu yuko mmoja.

Bwawa unalisafisha ili kisiishi kitu ndani yake. Tangi unalitunza ili kiishi. Ni kazi mbili zinazotumia maji, basi.

Hakuna kilichopotea isipokuwa muda. Mwaga maji yote. Suuza kila kitu kwa maji mengi, na dukani kuna dawa ya kuua klorini, itumie mpaka pua yako, ambayo naiamini, isisikie kitu. Jaza upya, changanya chumvi, pima, washa pampu.

Najua Aprili iko mlangoni, kwa hiyo nitakusaidia. Dereva wa lori la barafu anakuja huko mjini. Nitampa ndoo yenye mfuniko, ndani kuna sponji nililolikata kwenye chujio letu kubwa la hapa kituoni, ambalo limefanya kazi kwa muda mrefu. Ni jeusi, linateleza, linanuka. Lizamishe ndani ya chujio lako jinsi lilivyo. Usilioshe. Usilikamue. Na kwa jinsi ninavyomjua mama, usimwache alione.

Halafu usifanye kitu kingine chochote. Mwambie na rafiki yako asifanye.

Mpwa wako anayekupenda hata hivyo


20 Machi

Mpwa wangu,

Rafiki amesafiri. Kuanzia sasa niandikie mimi moja kwa moja, itapunguza wino.

Ndoo ilifika. Nilikuwa kazini, dereva akagonga kwa jirani, yaani kwa mama yako. Nilirudi nikamkuta kasimama uani na ndoo mkono mmoja, sabuni ya unga mkono wa pili, anasema, "Mwanangu wa kumzaa amenitumia tambara bovu kutoka kazini, sijui ndiyo msomi anavyofua!" Niliruka, mpwa wangu. Walionishuhudia wanasema miguu haikugusa ardhi kutoka getini mpaka kwenye ndoo. Ikabidi nimweleze. Nilitarajia makelele. Aliingia sebuleni, akazunguka tangi, akasema, "Kwa hiyo hii ndiyo redio." Akakaa. Akaniuliza jina la mwanamke. Nikamtajia. Akasema, "Yule ana akili, usimharakishe," akaondoka. Tangu siku hiyo anakuja kila jioni kuyatazama yale maji, na ananikanya nisiguse kitu. Yaani nimepata mkaguzi.

Na sijagusa. Wewe hujui hilo ni jambo gani. Mimi nikiona maji yana doa mkono unaondoka wenyewe. Sasa nakaa nimeukalia. Ukungu ulikuja, nikautazama. Utelezi ulikuja, nikausalimia. Amonia ilipanda, na sasa imeshuka mpaka haionekani kichupani. Lakini kile kichupa cha pili, cha sumu ya pili, bado ni cha zambarau, yaani ipo. Napima asubuhi, zambarau. Nabadilisha mwanga wa taa, zambarau tu.

Mama Sare wanakuja Jumapili ya wiki ijayo, yeye na dada yake. Hapo ndipo nataka akili yako. Yule mwenye duka la samaki, mtu wa biashara, amenipa wazo. Ataniletea samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, wakae tangini mchana ule mmoja, wageni wakiondoka anawachukua. Anasema mchana mmoja haumuui samaki. Nimekubaliana naye awalete Jumapili saa nne. Mama Sare ataona bahari, ataona samaki, atatoa jibu. Baada ya hapo tunaendelea kungoja kama ulivyofundisha.

Najua utasema nini. Lakini wewe hujawahi kusimama mbele ya mwanamke mwenye pini mdomoni.

Mjomba wako


27 Machi

Mjomba,

Haraka, dereva anawasha lori.

Usiwatie. Kichupa kikiwa cha zambarau, samaki hawapati hewa hata kama maji yamejaa hewa. Watapanda juu, watahema, mbele ya mgeni wako. Na wakirudishwa dukani, huenda wakafia huko mahali ambapo hamtawaona.

Lakini mimi siko huko. Wewe ndiye utakayefungua mlango.

Mpwa wako


8 Aprili

Binti yangu,

Salamu nyingi. Hatujaonana, lakini anwani yako nimeisoma kwenye bahasha iliyoegemezwa juu ya stendi ya tangi, na nimeona nikuandikie mwenyewe. Mimi ndiye mshona sare ambaye mjomba wako amekuwa akikueleza habari zake, najua, kwa jina la rafiki yake.

Nina ombi la ufundi, lakini kwanza nikusimulie, maana ukimsikiliza yeye utaambiwa kulikuwa na bendi.

Mimi nilijua tangu mwanzo. Mwezi wa pili nilikuwa dirishani nakula nikaona shuka linapita barabarani lina miguu minane. Miwili niliitambua, kwa sababu pindo la suruali ile nimelikunja mimi. Nikajua bahari ya miaka mingi imetoka dukani saa ile. Sikusema. Nilitaka nione atafika nayo wapi.

Jumapili tukaenda, mimi na dada yangu. Sebule imefagiwa, vikombe vimepangwa, mama yako kavaa vizuri kakaa pembeni kimya, jambo ambalo wenyeji waliniambia ni la kihistoria. Na lile tangi. Mawe, maji, mwanga. Dada yangu akainama, akazunguka, akaninong'oneza, "Huyu katuita kutuonyesha maji." Mjomba wako alisikia. Alikuwa anafungua mdomo, na nilimwona jinsi hadithi inavyompanda kooni, ndipo mlango ukagongwa.

Alikuwa mwenye duka. Ameshika mfuko wa nailoni umejaa maji, na ndani samaki wawili wazuri, wa chungwa, wanageuka geuka. Akasema kwa sauti, "Kapteni, hawa hapa wa leo!"

Mjomba wako akautazama mfuko, akatazama kichupa kilichokuwa juu ya kabati. Kilikuwa cha zambarau, sikujua maana yake wakati ule. Halafu akasema, "Rudi nao. Nyumba yao haijawa tayari."

Mwenye duka akasema, "Mchana mmoja tu, Kapteni, mbona tulisha..."

"Rudi nao, ndugu yangu. Maji haya yatawachoma."

Akafunga mlango. Akageuka. Nikamwambia, "Basi hii ndiyo bahari."

"Hii ndiyo."

"Na samaki?"

"Bado."

"Na ile miaka na miaka?"

Akasema, "Inaanza leo."

Binti yangu, nimemfahamu mtu huyu kwa muda, sijawahi kumsikia akisema maneno mafupi namna ile mfululizo. Dada yangu alicheka mpaka akamwaga chai. Kisha mjomba wako akatuketisha akatueleza vijidudu. Akatuonyesha utelezi kwenye jiwe kama mtu anayeonyesha picha za wajukuu. Akasema anaamka asubuhi, mikono inamuwasha kusugua, na haisugui. Nilimtazama mikono. Ilikuwa mapajani, imetulia.

Mume wangu marehemu alikuwa mtu mwema, lakini hakuweza kuacha kitu. Kila nilichoshona alikigusa. Nikasema moyoni, mwanamume anayeweza kukaa na maji matupu wiki hizi zote bila kuyachokoza, huyo naweza kukaa naye na cherehani zangu.

Sasa ombi. Mimi sihami. Karakana yangu iko nyumbani kwangu, wateja wananijua pale, meza ya kukatia haipiti mlango wowote mwingine. Kwa hiyo itabidi tangi lije kwangu. Nimemwambia mjomba wako, akashika kichwa, akasema likihamishwa vibaya vijidudu watakufa na itabidi aanze upya, na hataki kuanza upya. Naomba unieleze mimi, kwa lugha ya kawaida, namna ya kulihamisha lisife. Yeye nitamsimamia.

Wako,
Mama Sare


9 Mei

Mpwa wangu,

Barua yako ya kunikataza ilifika Jumanne. Wageni walikuja Jumapili iliyotangulia. Kwa hiyo usije ukamwambia mtu yeyote kwamba nilifuata ushauri. Nilikuwa nimeshafika mwenyewe, wewe ukaja nyuma unahema.

Nasikia Mama Sare amekuandikia akakueleza siku ile. Amini nusu. Hakukwambia jinsi nilivyosimama.

Tumehamia kwake. Ulivyomwelekeza ndivyo tulivyofanya: maji ya tangi nusu kwenye mapipa, mawe ndani ya maji hayo hayo, na sponji peke yake kwenye ndoo yenye mfuniko, limezama, lisikauke hata dakika. Mapipa yalipakiwa kwenye mkokoteni. Ndoo sikumpa mtu. Nilivaa suti, kwa sababu siku ileile jioni tulikuwa na watu wa pande zote mbili wa kuandikisha ndoa, na nikatembea na ile ndoo kutoka kwangu mpaka kwake. Njiani nikakutana na meneja wa bwawa. Akainua mfuniko, mtu hana adabu, akarudi nyuma hatua tatu. "Kapteni! Maji gani haya? Mwaga!" Nikamwambia, "Bosi, hawa ni watu wangu." Nadhani siku moja atanipeleka kwa daktari. Na mimi nitakwenda, nimwelimishe na daktari.

Karakana yake ni ndogo kuliko sebule yangu, lakini imepangika. Cherehani mbili mlangoni, meza ya kukatia katikati, rafu za vitambaa mpaka darini, bluu, kijivu, kijani cha shule ile ya juu. Tangi tumelitia ukutani, mbali na dirisha na mbali na pasi. Tulipima tena baada ya kuhama. Amonia hakuna. Ile ya pili nayo hakuna: kichupa kimeacha zambarau, ni bluu, bluu safi, nilikishika juu ya taa nikamwita kila mtu, hata mteja aliyekuja kubadilisha zipu. Mama yako alitaka tukiweke kichupa kwenye kabati la vyombo vya wageni.

Halafu ndipo tukaenda dukani, mimi na mke wangu. Andiko hilo lisome tena: mke wangu. Samaki alichagua yeye. Mwenye duka alijaribu kumpa wenye rangi kali. Akakataa, akasimama pale muda mrefu, akawachagua wawili wadogo waliokuwa pembeni wakila vizuri. Nilimwambia lile ni jicho la mtaalamu. Akasema ni jicho la mtu anayenunua kitambaa.

Na sasa nikueleze jambo ambalo hata vitabu vyako havina. Unajua watoto wanavyopimwa sare. Hakuna mtoto anayesimama. Anapimwa bega, amegeuka; anapimwa kiuno, amekaa; mama yake anapiga kelele, fundi anapiga kelele, na nguo inatoka na mkono mmoja mrefu. Sasa mtoto akiingia, anaona tangi, anasimama. Anasimama kama nguzo ya umeme, mdomo wazi, wale samaki wanapita mbele yake, na Mama Sare anampima mabega, mgongo, mikono yote miwili, kiuno, mpaka kifundo cha mguu, mtoto hana habari. Wiki ya kwanza amekata sare mara mbili ya kawaida na hakuna iliyorudishwa. Jana akasema, bila kunitazama, pini zikiwa mdomoni, "Hili tangi limenirahisishia kazi." Kwa mwanamke yule hayo ndiyo mapenzi. Zaidi ya hapo angekuwa anapiga kelele.

Kuna habari nilitaka kukupa za pweza aliyewahi kufungua bomba pale bwawani, lakini nimeitwa. Anatandaza kitambaa cha kijivu mezani, na mimi ndiye wa kushika upande wa pili.

Mjomba wako